Fare za manjano: si rangi inachoma, ni wati

Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na moja ya asubui, barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Fungurume inapotea. Vumbi ya makamyo haijashuka, moshi ya majani yenye kuchomwa iko juu yake, na pale karibu na Lualaba ukungu wa baridi unalala chini sawa blangeti. Saa ile ile njo posti ya usiku inarudi nyumbani na posti ya asubui inaenda. Mbele yako kuko kamyo isiyo na taa ya nyuma, nyuma yako kuko ingine yenye haraka.

Njo maana wenzetu wengi wananunua ampule za manjano juu ya fare za chini, zile tunaita antibruyari. Siwacheki. Mimi pia nilinunua, na motoka yangu ikabakia kidogo iungue na watu wane ndani. Nilinyamaza miezi mingi sababu ya haya. Sasa naandika, kwa sababu wiki hii tena nimeona kijana mu lupango ya jirani anafanya kile kile nilifanya, na kisu kile kile mu mukono.

Kwanza tuseme haki ya wale wenye kununua. Motoka zetu nyingi ni za okazyo zenye kutoka Japani, na kule wanapita kushoto. Fare kubwa za motoka ile zilitengenezwa kwa kumulika zaidi ukingo wa kushoto. Kwetu tunapita kuume. Basi ule mwanga unaenda mu macho ya mwenye kuja, na ukingo wetu wa kuume, pale mama anatembea na beseni ku kichwa na mutoto anasukuma kinga, unabaki giza. Shofa anatafuta musaada kwa fare za chini. Si majivuno, ni woga.

Ampule zangu nilizinunua ku soko, juu ya meza, katikati ya sharja za telefone na viatu. Muuzaji aliniambia: «Papa, hii iko na nguvu elfu tatu. Ukiwasha tu, ni sawa muchana.» Ku boksi kuliandikwa 3000K, na chini, kwa herufi kidogo, 55W. Nilisoma elfu tatu, nikalipa. Ku garaje hazikuingia. Kijana alikata kidogo plastiki ya ku kitako na kisu, akasukuma, zikaingia. Nilimupa feza ya limonade.

Jioni ya kwanza nilikuwa na furaha sawa mutoto siku ya Noeli. Kisha kilometa kumi, fare zote mbili zikazimika: fizible. Kesho yake yule kijana akatoa fizible ya 7,5 akaweka ya 30. «Hii haitakatika tena, delege.» Alisema kweli. Haikukatika.

Wiki mbili nyuma ya pale, tulikuwa wane mu motoka, tunaenda posti ya usiku. Mwenye kukaa mbele pamoja na mimi ni fundi wa umeme ku kazi, mutu wa maneno kidogo. Akaanza kunusa. «Delege, kuko kitu inapika.» Nikamujibu ni kamyo ya mbele, breki zake. Nilijibu vile juu ya haya tu, maana ile harufu ya plastiki nilikuwa naisikia tangu siku tatu. Kilometa moja mbele, moshi ikatoka mu kapo.

Nilisimamisha, nikanyoosha mukono kufungua kapo. Akanikamata. «Zima fare. Zima motere. Wote chini kwanza.» Alikuwa na haki: kama moto iko ndani na unafungua kapo yote, unaipatia hewa, inakulamba uso. Alingojea, akaangalia chini ya gurudumu kama kuko mwanga wa moto, hakuna. Akafungua kidogo, na ufunguo wa 10 akatoa waya wa kutoa wa batiri. Moshi ikapungua. Hatukuwa na kizima-moto, tulikuwa na mchanga wa barabara na chupa moja ya maji ya kunywa.

Tulipoangalia na taa ya telefone: kioo cha plastiki cha fare ya kuume kilikuwa kimeshuka sawa mushumaa, na katikati kina alama ya kahawia. Kile kipande chenye kushikana na ampule nyuma kimeyeyuka, kimekuwa kitu kimoja na waya. Waya zenyewe zilikuwa uchi kwa urefu wa mukono muzima, nguo yao imeungua, na kidogo tu zingegusana. Tulipoteza posti sisi wote. Watatu tulikatwa siku moja. Wa ine, mwenye mukataba wa miezi mitatu mitatu, alipewa barua ya onyo. Alikuwa ni abiria tu.

Sasa hesabu, yule fundi alinifanyia ku mezani yangu, mbele ya bukari, na kalamu ya mutoto.

Fare ile ya chini ilitengenezwa kwa ampule ya H16, wati 19. Mimi niliingiza H11, wati 55. Kuko jamaa moja ya ampule zenye vitako karibu sawasawa: H8 ni wati 35, H9 ni wati 65, H11 ni wati 55, H16 ni wati 19. Wale wenye kuzitengeneza waliweka vijino vyenye kuachana, kusudi moja isiingie pahali pa ingine. Kile kijino kijana wa garaje alikata na kisu, kilikuwa ni katazo lenye kuandikwa mu plastiki. Hatukujua kulisoma, mimi wala yeye.

Ampule ya halojeni ni jiko lenye kutoa mwanga kidogo. Mu wati zake, sehemu kubwa sana inatoka kuwa moto. Kile kiwaya cha ndani kinapita digri 2500. Kiyoo chake chenyewe ni lazima kipite digri 250, bila vile ile kazi ya halojeni haiende na ampule inakuwa nyeusi upesi. Plastiki ya mbele ya fare nyingi za leo ni polikaboneti, na yenyewe inaanza kulegea karibu na digri 150. Kati ya kiyoo cha digri 250 na plastiki ya digri 150 kuko hewa kidogo tu, mu kisanduku chenye kufungwa. Mwenye kutengeneza fare alipima: wati 19, ukubwa huu, umbali huu, plastiki hii. Wewe unakuja kuweka jiko mara tatu karibu, mu nyumba ile ile. Fare za zamani zilikuwa na kiyoo cha kweli mbele na chuma nyuma, ndani yake wati 55 zilikaa miaka bila shida. Wazee wetu wenye kusema «sisi tuliweka 55 na hakuna kitu kilitokea» hawadanganye. Fare yao ilikuwa ingine.

Na ile elfu tatu ya muuzaji? K si nguvu. Ni namba ya rangi ya mwanga. 3000K ni karibu na manjano, 6000K ni nyeupe yenye kwenda ku bluu. Ampule ya wati 19 inaweza kuandikwa 3000K, na ya wati 100 pia. Kuko na boksi zenye kuandika «55W = 100W». Hapo wanataka kusema mwanga wake unafanana na wa 100, lakini mutu ananunua akifikiri ni 100, ao ananunua 100 ya kweli akifikiri ni 55. Usisome boksi. Soma ku kitako cha ampule yenyewe, pale kuko namba yenye kukatwa mu chuma ao yenye kuandikwa ku plastiki. Kama ku kitako hakuna namba hata moja, rudisha ku meza.

Wengine wananiuliza: basi rangi ya manjano haina kosa? Iko na kosa kidogo. Ili mwanga mweupe uwe manjano, rangi yenye kupakwa ku kiyoo inameza ile sehemu ya bluu, na kile inameza kinageuka kuwa moto pale pale ku kiyoo. Ni kidogo kama unalinganisha na kutoka 19 kwenda 55. Lakini rangi ya bei ya chini inababuka kisha mwezi moja, na unabaki na ampule ya madoadoa. Ufaransa yote ilitembea na fare za manjano tangu sheria ya mwaka 1936 mpaka 1993, na motoka hazikuungua juu ya manjano. Wenye kukumbuka 404 na macho yake ya manjano, mu Kolwezi wangali wengi.

Na juu ya kusema manjano inatoboa ukungu, mimi siamini tena. Matone ya ukungu ni makubwa, yanarudisha rangi zote karibu sawasawa. Kile unapata ni raha ya macho: bluu ikipunguzwa, mwanga wenye kurudi hauchome macho sana, na mu vumbi nyekundu ya kwetu shofa wengi wanasema wanachoka kidogo. Kile kinasaidia zaidi ni kwamba fare ya chini iko chini, inamulika ardhi chini ya ukungu. Ile kazi hata ampule ya 19 inaifanya.

Turudi ku fizible, sababu pale njo hatari ya kweli iko. Fare yenye kuyeyuka ni hasara ya feza. Waya wenye kuungua ni motoka na watu.

Chukua wati, gawanya kwa volti 12, unapata ampere. Ampule mbili za 19 ni wati 38, karibu ampere 3,2. Mbili za 55 ni wati 110, karibu ampere 9,2. Mbili za 100 ni wati 200, karibu ampere 17. Fizible yangu ya 7,5 ilikataa ampere 9, na ilikuwa na haki, maana waya ya pale ilikuwa nyembamba, kipimo cha nusu milimeta karé. Na moto ya mu waya haipande polepole: ampere zikiwa mara tatu, moto inakuwa mara tisa. Fizible inalinda waya, hailinde ampule. Ukiweka ya 30 juu ya waya ya 7,5, kile chenye kukatika kwanza ni waya, na waya inakatika kwa kuungua.

Wandugu, tusemezane ukweli. Ku kazi hakuna mutu mwenye kuweka 30 pahali pa 7,5. Tunakata umeme, tunafunga kofuli, kila mutu anaweka jina lake, na hata mukubwa wa posti hana ruhusa ya kutoa kofuli ya mwenzake. Sisi wa sendika tuligombania mambo yale. Kisha tunapita ku mulango, tunaingia mu motoka yenye kubeba baba wane, na fizible tumeifunga na ile karatasi ya kung'aa ya mu pakiti ya sigara. Nimeiona kwa macho yangu, mara mbili mwaka huu, na moja ilikuwa ya mutu mwenye kufundisha usalama.

Kuko pia neno la waya, na hili linanichoma roho kuliko yote. Sisi njo tunatoa shaba. Lakini ku soko, roli ya waya yenye kuandikwa shaba, mara mingi ni aluminyumu yenye kupakwa shaba juu sawa mwanamuke anapaka poda. Aluminyumu inapitisha umeme karibu asilimia 60 tu ya shaba kwa unene ule ule. Maana yake, waya ya 1,5 unayolipa inafanya kazi sawa ya 1, na inapata moto. Kuijua ni rahisi: kwangua uzi moja na wembe. Kama ndani ni nyeupe, umeuziwa poda. Lubumbashi ao Kolwezi, ni jambo la kucheka kwa huzuni.

Kama fare yako ni ya kiyoo na ku kitako chake kunaandikwa H11 ao H3, zile za wati 55, na unataka manjano, hakuna shida: nunua manjano ya 55, isipite pale. Kama ni fare mupya unaongeza kwa mukono, basi rele ni lazima, waya ya shaba ya kweli ya 2,5, fizible ya 15, na fizible ile ikae karibu na batiri, shibiri moja ao mbili, isikae kule mbele ku fare. Kipande chochote cha waya kati ya batiri na fizible hakina mulinzi. Waya ipite mbali na bomba ya moshi, na pale inapita mu chuma weka mpira, kwa sababu barabara zetu zinatikisa mpaka chuma inakula nguo ya waya.

Ampule za LED za manjano, nimeulizwa sana. Zenyewe hazipeleke moto mbele, plastiki ya fare haiyeyuke. Lakini moto yao iko nyuma, ku mugongo, na pale kuko feni kidogo ao mapezi ya aluminyumu ya kuitoa. Mu kisanduku chenye kufungwa, na vumbi ya barabara ya mine mu ile feni, LED haiunguze motoka mara nyingi, inakufa yenyewe: inaanza kupepesa, kisha upande moja unazimika. Zile za wati 20 ao 25 kwa moja zinabaki mu kipimo cha waya nyingi. Tatizo lingine ni mwanga: fare ilitengenezwa kwa kiwaya cha halojeni pahali fulani kamili, na LED ya bei ya chini inatupa mwanga juu, mu macho ya wenye kuja. Ukiona makamyo yote yanakuwashia fare, si salamu.

Na mvua itakapoanza tena, kumbuka kwamba hizi fare ziko chini. Kiyoo chenye moto sana, unaingia mu shimo la maji, kinapasuka kwa mara moja. Maji inaingia, inakuta ampule, nayo inapasuka. Mwenye wati 100 anajua haya mbele ya mwenye 35. Matope pia: ikikauka juu ya kioo cha plastiki, mwanga hautoke tena, inaumeza yote na kuugeuza moto. Safisha kila siku na maji, usisugue na muchanga.

Kama umeshaweka na una mashaka, fanya sawa tulivyofanya kwa yangu kisha kuitengeneza. Simamisha motoka, washa motere na fare za chini, ngojea dakika ishirini. Kisha zima, shika kile kipande cha nyuma chenye kuingia ku ampule, na waya yake. Ya moto kidogo, sawa chai yenye kungojea, ni vizuri. Kama mukono hauwezi kubaki, ampule ni kubwa ao kontakti ni mbaya, na harufu itakuambia pia. Kuko wenye kuwa na ile koleo ya kupima ampere, lakini angalia: nyingi zinapima tu umeme wa nyumba, wenye kwenda na kurudi. Ya motoka inahitaji yenye kupima umeme wa batiri. Ukipima na yenye si yake itaandika sufuri, na utafikiri uko salama.

Mimi nilirudisha H16 za wati 19, za kawaida, nyeupe. Juu ya kioo cha plastiki nilibandika karatasi ya manjano yenye kupitisha mwanga, ile wanapaka ku vioo. Haiongeze wati hata moja. Waya nilizibadilisha zote mpaka ku batiri, fizible imerudi 7,5, na chini ya kiti kuko kizima-moto cha poda cha kilo mbili. Naona kidogo kuliko zile wiki mbili za furaha, sitadanganya. Basi napunguza mwendo pale karibu na Lualaba, na yule fundi wa umeme anakaa ku kiti chake kile kile.

Neno la sendika, fupi. Kama wenye mikataba ya mufupi wangekuwa na basi ya kuwachukua sawa wengine, wane wetu hatungekuwa mu motoka moja ya okazyo saa ile. Tumeiweka tena mu karatasi ya madai ya mwaka huu, ni namba ya tatu, chini ya mushahara na daktari.

Ile fare yenye kuyeyuka haikutupwa. Iko ku dirisha la ofisi yetu, pamoja na fizible ya 30 ingali nzima. Koleo ya kupima umeme wa batiri iko pale pia, ya yule fundi, anaiazima siku ya posho mbele ya saa sita. Kuja na motoka, na ulete ile boksi ya ampule kama ungali nayo.